Meno Mawili ya Mbele

Jumamosi, katikati ya masika. Mvua imenyesha tangu alfajiri na imekatika mchana huu. Sina raha, wala sitaki kujifanya ninayo.

Ni siku ya nne tangu nirudi kutoka Mikumi. Kila nikishika kalamu hasira inanipanda, naiweka chini. Leo nimeona niandike hivyo hivyo, na hasira yangu.

Mimba yangu ina miezi saba. Ni ya pili. Ya kwanza ilinipa Zuhura. Safari hii fizi zilianza kutoka damu mimba ikiwa na miezi mitatu. Nikipiga mswaki, mate yanakuwa mekundu. Nikila muhindi wa kuchoma, damu inabaki kwenye gunzi. Nilimweleza mama mkwe, ambaye tunakaa naye tangu tuhamie kijiji hiki cha ujamaa, huku upande wa Masanze. Akafungua mdomo anionyeshe mapengo yake.

"Kila mtoto huondoka na jino la mama yake," akasema. "Acha mswaki, mwanangu, unazichokoza hizo fizi. Ukijifungua zitapona."

Nikaacha. Mimi, mwalimu wa elimu ya watu wazima, ninayewasomesha akina mama vitabu vya afya kila alasiri, nilikaa miezi miwili bila kupiga mswaki.

Fizi hazikupona. Zilivimba, zikawa laini kama tunda lililoiva kupita kiasi. Katikati ya meno mawili ya mbele, juu, paliota kinyama kama punje ya kunde, kikiguswa tu kinatoa damu. Mdomo ukaanza kunuka. Nilijua unanuka kwa sababu mume wangu alianza kuongea nami huku anatazama pembeni. Alihamishia mkeka wake chumba cha mbele, akasema joto limemzidi.

Joto, wakati wa masika.

Nikaenda zahanati. Mganga wa pale si mtu mbaya, lakini foleni ilikuwa ndefu, naye alinitazama mdomoni kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kuandika sentensi hii. Meno yale mawili yalikuwa yanacheza kidogo. Akasema yameharibika, yatoke. Nikamwuliza kama hakuna dawa.

"Dawa yake ni kung'oa, mama."

Akayang'oa yote mawili. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nimeziba mdomo kwa kanga. Mume wangu akaniambia pole. Mkeka wake bado uko chumba cha mbele.

Damu kwenye fizi nyingine haikukoma. Ndipo nikapanda lori la mbao hadi Mikumi kwa dada yangu, naye akanipeleka kliniki ya wajawazito. Mkunga wa pale, mama mtu mzima, alinikalisha karibu na dirisha akanikagua fizi zote, taratibu, bila kukunja pua. Akanieleza kwamba mimba huzifanya fizi zivimbe upesi, lakini kinachozitia ugonjwa ni ukoga unaoachwa kwenye mashina ya meno. Nipige mswaki kwa mkono mwepesi hata kama damu inatoka. Nisukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Nimwone daktari wa meno anikwangue ukoga uliokwisha kuwa mgumu. Na mtoto, akasema, hachukui jino la mtu.

Nikamwonyesha pengo. "Na haya, yalikuwa ya kung'olewa?"

Akalisogelea kulitazama. "Sikuyaona, mama, siwezi kuapa. Lakini kwa haya yaliyobaki, nadhani yangesubiri."

Kisha akaniuliza nani aliniambia niache mswaki. Nilitaka kumtaja mama mkwe. Nikasema niliacha mwenyewe, na ndiyo kweli.

Sasa niandike ninalolikwepa tangu mstari wa kwanza.

Darasani kwangu kuna binti anaitwa Mwajuma, ana mimba yake ya kwanza. Mwezi uliopita alibaki baada ya somo, akanieleza kwa aibu kwamba fizi zake zinatoka damu. Nikamwambia aache mswaki mpaka ajifungue. Nilimwambia nikiwa na chaki mkononi, kwa sauti ile ile ninayofundishia herufi.

Leo mvua ilipokatika nikaenda kwao. Alinisalimia shikamoo huku ameziba mdomo kwa kiganja. Nilimwomba anionyeshe, akafungua. Fizi zake sasa ziko kama zangu zilivyokuwa.

Nikamweleza yote: mswaki, chumvi, ukoga, safari ya Mikumi. Alinisikiliza ameinamisha kichwa.

"Mwalimu, mwezi uliopita ulisema niache," akasema. Hakuwa na ufidhuli. "Leo unasema nipige. Nikuamini wewe wa lini?"

Nikaondoa kanga mdomoni, nikamwonyesha pengo, nikamwambia hili limenipata kwa maneno yale yale niliyompa yeye. Alilitazama mpaka nikaona haya. Kisha akasema atafikiri, akaingia ndani kuepua chungu.

Nimerudi na matope mpaka magotini. Hasira niliyokuwa nayo kwa mama mkwe, kwa mganga na kwa mume wangu bado ipo, sijawasamehe. Ila leo nimeona hainisaidii kitu mbele ya Mwajuma.

Jumatatu nitasimama mbele ya darasa zima niseme nilikosea. Herufi ya s siku hizi inanitoka kama mluzi, na wapo watakaocheka. Wacheke, mradi wasikie.

Je, Mwajuma atakuja?