Punda Alipokataa Njia

Jumanne, 10 Septemba 2024

Naandika nikiwa porini, magharibi ya Mkata. Mimi na mdogo wangu Sufiani tulikuja kurina asali, na punda wa kubeba madumu. Asali tumepata. Njia ndiyo tumepoteza — moto umeunguza vichaka, alama tulizozoea hazipo. Halafu mchana Sufiani akateleza korongoni. Kifundo cha mguu kimevimba, hawezi kukanyaga. Simu haina mtandao.

Madumu nimeyaacha, nikampandisha Sufiani juu ya punda. Nikapiga hesabu: barabara ya lami iko mashariki, basi twende tukilipa jua kisogo. Punda akagoma. Anavuta kusini tu. Nikamvuta, nikamchapa. Wapi.

Sufiani anasema mtu ana akili, punda ana tumbo tu. Nami nasema hivyo hivyo. Lakini maji yamebaki kidogo sana.

Jumatano, 11 Septemba

Maji yameisha. Midomo ya Sufiani imepasuka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Punda bado anavuta kusini.

Nikaacha kugombana naye, nikakaa chini nikawaza. Huyu tulimnunua mnadani, kwa Wamasai. Kwake si kwetu. Anakovuta si Mkata, lakini lazima anakumbuka wanakonyweshea mifugo. Nikalegeza kamba.

Akatufikisha kwenye mto mkavu. Mchanga mtupu. Sufiani akageuza uso. Punda akanusa, akaanza kuchimba kwa kwato. Mchanga ukawa na unyevu, lakini kila akichimba kingo zinaporomoka. Nikaingia mimi na sufuria. Nikapanua shimo, nikazuia kingo kwa mawe.

Maji!

Ya matope, yanakuja taratibu. Nikayachuja kwa kitenge, nikawasha moto, nikayachemsha. Punda hakungoja yachemke. Sufiani kanywa, kapata nguvu ya kucheka. "Dada, sasa mwenye akili hapa ni nani?" Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja. Sijawahi kujiona mkubwa namna hii: punda kayanusa, mimi nimeyatoa.

Alhamisi, 12 Septemba

Punda kashiba, anataka kuendelea kusini kwa wenyewe wa zamani. Leo nimekataa mimi. Mguu wa Sufiani unabadilika rangi, anahitaji hospitali. Nilipanda kichuguu nikaziona — nguzo za umeme mkubwa, zile zinazotoka kwenye mitambo ya Hale. Zilipo nguzo, barabara haiko mbali. Hilo punda hawezi kulijua.

Nikamfunga kitenge machoni, nikamzungusha palepale mpaka akapoteza mwelekeo. Akanifuata kwa upole kabisa. Nilitembea naimba.

Tumekaribia. Kitenge nilishamfungua. Ghafla kasimama, masikio mbele. Sufiani akasema mchape, tumeshafika. Nikakataa. Safari hii havuti kusini wala popote, ngozi inamtetemeka tu. Upepo unatoka mbele, kanusa kitu. Nikamshusha Sufiani polepole, tukajibanza kichakani wote watatu.

Kisha matawi yakaanza kuvunjika. Tembo, na watoto wao, wanakatiza pale pale ambapo tungekuwa tunapita.

Naandika nikiwa nimeegemea ubavu wa punda, mkono mmoja kwenye kamba. Bado wanapita. Hawajatunusa. Nguzo zinaonekana juu ya migongo yao. Nimesikia honi ya basi.

Sufiani ananong'ona: wakishapita si twende, au tunangoja nini tena?

Nimemwonyesha masikio ya punda. Bado yamesimama.