Uyoga wa Nyuma ya Jiko

Mama,

Uyoga umetoka. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kuambiwa, lakini mwanao Makokha alinusa sufuria kabla sijashika kalamu. Umetoka palepale kwenye kichuguu nyuma ya jiko, mwingi mpaka kuku wanashangaa.

Unakumbuka nilivyokukosea. Nilikuja likizo kutoka kazini kwangu, maabara, nikijiona msomi kweli. Nikasubiri uende soko la Butere, nikachukua jembe, nikakipasua kichuguu hadi ndani nipate ule ukungu ambao mchwa huufuga, unaozaa uyoga. Uliporudi hukupiga kelele. Ulisema tu, ukiuita uyoga kwa jina la kwetu, "Obwoba haichimbwangi. Inangojwanga," ukaingia jikoni. Heri ungenichapa.

Kule maabara niliutunza ukungu huo kama mtoto mchanga. Niliulisha unga wa mahindi, molasi, makapi ya miwa. Ulitoa nyuzi nyeupe, basi. Hata kofia moja ya uyoga haikuchomoza. Nilichojifunza ni kwamba bila mchwa wa kuutafunia chakula, hauzai. Na huku nyumbani mvua zilinyesha, kichuguu kikanyamaza. Ukafa, Mama, hujaonja uyoga mwaka ule, na kosa lilikuwa langu. Nimelia sana kwa hilo.

Siku hizi huku ni miwa tupu. Majirani wamepanda hadi mlangoni. Mtu akienda choo anapotea. Makokha naye amepanda. Trekta lilipokuja kulima, dereva alitaka kukisawazisha kichuguu. Nilisimama mbele yake na gauni langu la kanisani, nikamweleza habari za mchwa na ukungu mpaka akazima injini. Makokha alicheka, akamwambia, "Zunguka tu, ndugu. Huyu ni Mama amerudi." Sijawahi kusifiwa hivyo.

Basi leo tumekula, na ugali wa moto, obusuma yetu. Makokha amelamba sahani, mtu mzima na ndevu zake. Nimefurahi, Mama. Moyo umetulia.

Maji niliyooshea uyoga nimeyarudisha nikayamwaga kwenye kichuguu, kama ulivyokuwa ukifanya huku mimi nikikucheka. Kama yanasaidia, sijui, sijayapima.

Pumzika, Mama. Nitayamwaga pale kila mwaka, na sitayapima.

Binti yako,
Florence