Picha ya Ng'ombe, Kama Ulivyoitafsiri Wewe

Baba yangu, mkalimani wa Jumamosi,

Shikamoo. Najua marahaba haitarudi, lakini ulinifundisha kwamba mdogo haanzi kumwaga maneno mbele ya mkubwa bila salamu, na kufa hakujakupunguzia ukubwa hata kidogo.

Nakuandikia kutoka Mwadui, nyumbani kwa mume wangu, na nina hasira. Jumapili tunaweka msalaba kwenye kaburi lako kule Tinde. Baba mdogo amenipa kazi ya kuandika wasifu wako utakaosomwa kanisani, kwa kuwa nina mwandiko mzuri na nilisoma kwa masista. Lakini ameniletea na maneno ya kuweka. Anataka niandike kwamba marehemu alikuwa mkalimani mgodini hadi alipoachishwa kazi kwa bahati mbaya, kwa kutokuelewa vizuri Kiingereza. Anasema hayo ni maneno ya heshima na hayamuudhi mtu. Siku tatu nimeitazama karatasi yake. Kila nikishika kalamu naliona lile shuka jeupe la kuonyeshea picha kwenye klabu ya mgodi upande wa Geita, na wewe umesimama kando yake na bomba lako la bati la kupazia sauti mdomoni.

Unaukumbuka ukumbi ule? Jumamosi mchana, zamu ikishatoka, madirisha yanazibwa kwa mablanketi na watu wanajazana hadi hewa inakwisha. Wasukuma, Wazinza, Wasumbwa, Wahaya, wengine bado wana vumbi la mwamba kwenye nywele. Picha zinasema Kiingereza, na wanaokijua vizuri ni watatu tu: wewe, karani mmoja, na yule Mzungu wa ustawi wa wafanyakazi aliyekaa nyuma karibu na mashine. Unaanza na salamu ya Kisukuma, "Mwadila!" ukumbi unaitikia, kisha unatuchukua. Mimi na mama tulikaa mbele kabisa, chini, na shingo ziliuma mpaka kesho yake.

Nilizipenda picha za kupigana tangu nina miaka tisa, na sijaacha. Mume wangu anasema mama wa watoto wawili hapaswi kusifia ngumi. Namwambia anywe chai yake kabla haijapoa. Katekista naye alinishauri nipende zile picha za mafunzo, za kunawa mikono na kupanda pamba kwa mstari. Nilizitazama zote. Hakuna hata mmoja aliyeruka dirishani.

Ile ya mapanga naiweka ya tatu. Unaikumbuka, wanaume wenye mapanga membamba kama fito, wanaruka juu ya meza, wanapigana huku wanaongea. Watu wetu hawakuiamini. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti, "Mbona hachomi? Amepata nafasi mara tatu." Ukajibu papo hapo kwamba hawa ni mabinamu, mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba, ni watani, kwa hiyo hawawezi kuchomana kabla hawajamaliza kutukanana. Ukumbi ukaridhika. Tangu hapo kila mapanga yalipogongana watu waliwasaidia kwa matusi ya kwao, na Wasumbwa ndio walioshinda. Mama alicheka mpaka akajifunika uso kwa kanga.

Lakini ya kwanza kwangu ni ile ya ng'ombe, na anayetaka kubishana na aje tubishane.

Lile kundi lilipotokea kwenye shuka, ukumbi mzima ulisimama. Watu walipiga miluzi ya machungani. Walichagua: yule mwekundu mwenye baka begani ni wangu, yule mweusi ni wa mahari ya mdogo wangu. Kundi lilipovushwa mto kwa haraka, yule mzee aliyeuliza habari za mapanga alikasirika kwelikweli. "Wangewaacha wanywe kwanza. Hawajanywa tangu asubuhi." Ukamwambia watakunywa mbele, kuna lambo. Akakaa.

Kisha akaja yule mwenye nyota kifuani, juu ya farasi.

Baba, mwaka ule watu walikuwa wameamriwa na serikali ya Waingereza kupunguza mifugo. Kila kaya itoe ng'ombe wapelekwe mnadani, eti nyasi haziwatoshi. Babu alitoa wanne, akalala siku mbili bila kula, nawe ulikwenda kumwona. Mle ukumbini hapakuwa na mtu ambaye kwao hapakuwa na zizi lililopungua.

Nilikuona ukilishusha bomba, ukafuta mdomo, ukalipandisha tena.

"Huyu mwenye nyota," ukasema, "ametumwa kuja kupunguza ng'ombe wa watu."

Sijawahi kusikia kelele kama zile tena. Kila ngumi aliyopigwa mwenye nyota ilipigwa na ukumbi mzima. Kila wachungaji walipomkwepa bondeni, akina mama walipiga vigelegele. Mzungu wa ustawi alitabasamu kule nyuma, akidhani tumeipenda picha yake. Mwishoni mwenye nyota akamfyatulia risasi kiongozi wa wachungaji. Akaanguka kifudifudi, kofia ikabingirika kwenye vumbi.

"Amekufa?" mzee akauliza.

"Hajafa," ukasema. "Amejilaza tu. Anasubiri hawa waondoke."

Watu walitoka nje wanaimba. Wakaiomba picha hiyo Jumamosi nne mfululizo, na kila Jumamosi ulimlaza yule bwana vilevile, na kila mara alisubiri. Mpaka yule karani alipomweleza Mzungu wa ustawi kwa nini wafanyakazi wanashangilia wezi.

Maana walikuwa wezi, baba. Katika Kiingereza chao waliokuwa wakiswaga ng'ombe ndio wezi, na mwenye nyota alikuja kuwarudisha ng'ombe kwa mwenyewe. Wewe ulilijua hilo tangu mkanda wa kwanza.

Jumatatu wakakuita ofisini. Ulikuja kutusimulia mchana, umesimama mlangoni, hata kofia hukuvua. Walikufungulia njia pana. Walikuambia sema tu kwamba hukuelewa, Kiingereza kile ni cha puani, hata wengine hawakielewi, utapata onyo na kazi yako utabaki nayo. Nawe ukasema, "Nilielewa kila neno."

Ukamwaga unga siku hiyohiyo.

Mama hakukusamehe upesi. "Neno moja tu," alikuambia akifunga vyombo. "Lingekugharimu nini? Tuna nyumba ya bati. Mtoto ana shule." Ukamjibu kwa upole, na maneno hayo nimeyabeba mpaka leo: "Nikisema sikuelewa, Mama Kabula, na wale wote waliopiga makofi watakuwa hawakuelewa. Nao walielewa." Mama akafyonza. Tulirudi Tinde na lori, yeye mbele na kuku, wewe nyuma na magodoro, na msimu mzima wa kilimo alikupakulia chakula bila kukutazama.

Nami nitasema ukweli wangu. Nilikukasirikia pia. Niliipenda shule ile.

Hasira ya mama iliishia kwenye picha ninayoiweka ya pili. Umesahau? Mwenye duka wa Tinde alipofungua godauni la pamba baada ya mauzo, akatundika shuka na kuonyesha picha ya Kihindi, ile ya mwanamke mwenye mjeledi anayeruka kutoka kwenye farasi hadi juu ya treni. Ulikaa katikati ya watu, kimya. Mwenye duka alikuwa anahangaika na mashine, na sisi wengine hatukujua Kihindi hata cha kuombea maji. Watu wakaanza kugeuka mmoja mmoja. "Mkalimani, anasemaje?" Kihindi hata wewe hukukijua, lakini ulisimama.

Ulipiga chuku za ajabu siku ile. Ulimpa yule mwanamke ukoo, ukampa kaka mkorofi, ukampa shamba lililonyang'anywa. Akakamatwa, akapelekwa mbele ya mfalme mnene, mfalme akamfokea kwa muda mrefu, mwanamke akajibu kwa maneno machache. Ndipo sauti ya mama ikatoka katikati ya magunia: "Anasemaje huyo?"

Ukamgeukia. "Anasema alielewa kila neno."

Watu hawakujua kwa nini mama alicheka. Mimi nilijua. Kesho yake asubuhi alikuletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu kile cha wageni, akakaa hapohapo mpaka ukamaliza.

Sasa nikuambie lililotokea mwezi uliopita. Picha ya ng'ombe ilikuja hapa Mwadui. Niliacha watoto kwa jirani nikaenda, mume wangu akinuna. Nilitaka kuisikia kwa masikio yangu, na Kiingereza changu cha masista, nijue kama kweli uliongopa.

Uliongopa, baba. Mchana kweupe. Hakuna lambo, hakuna kupunguza, na yule aliyeanguka amekufa, wanasema hivyo waziwazi, tena mara mbili. Kijana anayetafsiri hapa ana kipaza sauti cha umeme na hakosei hata neno. Watu walikaa kimya kama wako kwenye foleni ya dawa. Nilisikiliza hadi mwisho, nikaona ile picha yao ni nyepesi. Yako ilikuwa na babu ndani.

Kando yangu alikaa bibi mmoja aliyekuja juzi kutoka kijijini kumtembelea mwanawe. Kofia ilipobingirika alinishika mkono, akaniuliza kwa Kisukuma kama yule kijana amekufa. Nilimjibu kwa sauti, wala sikunong'ona. "Hajafa, mayu. Amejilaza tu. Anasubiri hawa waondoke." Mistari mitatu ya mbele iligeuka. Mtu mmoja akapiga makofi, kisha wengine. Kijana wa kipaza sauti alinitazama vibaya, nami nikamtazama hivyohivyo.

Kwa hiyo karatasi ya baba mdogo nimewashia jiko juzi. Nimeandika yangu. Ina mistari mingi juu ya ukarimu wako na uzembe wako wa kupalilia, na mahali pa kazi pameandikwa hivi: alielewa kila neno, na akaachishwa kazi kwa sababu hiyo. Baba mdogo ametuma ujumbe kwamba nikikataa kubadilisha, sitasoma mimi. Sawa, asome mwanawe. Mama amenikabidhi bomba lako la bati. Miaka yote hiyo alikuwa amelifunga kwenye kanga chini ya sanduku lake, yeye aliyesema lingekugharimu nini. Liko kwenye kikapu changu. Wakimaliza kusoma ya kwao kanisani, nitasimama kaburini nisome ya kwangu, na Tinde yote itasikia mpaka barabarani.

Wengine watakuandikia upumzike kwa amani. Mimi siyaandiki hayo. Siku hizi huku watu wanazungumza mambo mengi kwa sauti kubwa zaidi, hata mbele ya maofisa, na kuna neno moja, uhuru, naona linakaribia kufika kwetu.

Jilaze tu, baba. Tunasubiri waondoke.

Binti yako wa mstari wa mbele,
Kabula