Urujuani wa Chemchemini

Jumamosi, 14 Aprili 1934

Dillard wangu kapasuliwa kichwa. Wamemkuta chemchemini, mpini wa shoka kando yake. Kentucky nzima haina mume mpole kama huyu. Sasa anakoroma damu – hanijui hata mimi. Shemeji Estill, ndugu yake Dillard, anasafisha bunduki mezani pangu. Anasema ni Kovach, yule mgeni wa mgodini, kisa maji ya chemchemi.

Jumapili, 15 Aprili

Kaka yangu Verlin kaja kunipa pole. Kaleta maua ya urujuani, kofia yake imejaa, nipike jeli kama kila Aprili. Kula kitu, dada, ananiambia, unajimaliza. Jana kutwa alikuwa kileleni mwa mlima akiwinda, anasema, huko ndiko alikochuma. Nimemlilia begani.

Jioni. Nimeyamwaga maua mezani kutoa vikonyo. Buluu tupu. Vikonyo havina jani hata moja. Lakini urujuani wa kileleni ni wa njano, jani na ua shina moja! Huu wa buluu unapenda maji na kivuli, kila ua na kila jani linachomoza peke yake chini. Kwetu unaota chemchemini tu.

Jumatatu, 16 Aprili

Nimekwenda chemchemini. Damu imekauka juu ya jiwe. Hapo hapo vichwa vya urujuani vimetapakaa, vimenyofolewa. Ni mchezo wetu wa majogoo. Unanasa shingo ya ua lako kwenye langu, tunavuta, linalokatika kichwa limeshindwa. Dillard na Verlin wamemaliza kila ugomvi hivyo tangu utoto, na huu wa chemchemi ni wa siku nyingi. Kovach mchezo wenyewe haujui. Verlin alishindwa, akashika mpini. Kisha akainama kunichumia maua, mshenzi yule.

Jumanne, 17 Aprili

Dillard kafa alfajiri.

Estill na Verlin wako sebuleni na bunduki. Wanakwenda kwa Kovach. Ana mke, ana mtoto mchanga. Nikinyamaza, wanamuua asiye na kosa. Nikisema, wanamuua mwana wa mama yangu.

Sikusema. Nimeyarudisha maua kwenye kofia ya Verlin, nikaiweka mbele yao mezani, nikarudi jikoni. Naandika nimesimama, nawasikia.

Estill kauliza maua ya nani. Ya dada, kajibu Verlin, nimemchumia Jumamosi.

Wapi?

Kileleni.

Estill kaokota ua moja; naye kazaliwa bonde hili hili, anajua kipi kinaota wapi.

Haya ya buluu, Verlin?