Ukurasa wa Sikio la Radi

3 Februari

Mwanangu,

U mzima? Sisi wazima, mafua ya mama yako yamekwisha. Wewe ndiye muuza vitabu wetu, basi nisaidie. Nichagulie kitabu kizuri cha maisha ya Radi, yule mpiga gitaa wa roki ninayempenda. Kizuri, si cha umbea.

Baba yako

9 Februari

Baba, shikamoo.

Nashukuru mama amepona. Vipo viwili. Kinene kimejaa wanawake na magomvi, na mwandishi hakumuuliza mtu. Chembamba ni cha mwanahabari aliyekaa na Radi miaka saba, hata daktari wake kamhoji. Chukua chembamba. Nikitume?

Mwanao

2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kukawia. Usikitume kwanza. Soma habari ya sikio lake la kushoto, lile lisilosikia. Kabla hujazaliwa nilikuwa fundi wake wa sauti. Siku moja jukwaani spika ilipiga yowe, akashika sikio, akaanguka. Nikaacha kazi kesho yake. Mama yako hajui. Kama kitabu kinasema ni mimi niliyemharibu, niambie, usinifiche.

Baba yako

5 Machi

Baba yangu,

Shikamoo, na ukae chini kwanza. Kinene kinamlaumu "fundi mlevi". Mlevi gani, wewe ambaye soda ya tangawizi tu inakukohoza!

Katika chembamba, daktari anasema sikio liliharibiwa na homa ya utotoni. Radi aliwaficha wenzake wa bendi, asije akaachwa. Siku ile hakusikia vizuri, akaisogelea mno spika na gitaa lake, ndipo ikapiga yowe. Anasema mwenyewe: "Fundi wangu alijilaumu bure. Nilimtafuta, sikumpata."

Nimelia dukani mpaka mteja akanipa leso. Mficha maradhi kifo humuumbua, nanyi mmeficha wote wawili! Kitabu kiko posta. Mwambie mama.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Kimefika. Ukurasa ule nimeusoma mara nne, mara ya tano nikamsomea mama yako. Akasema, "Miaka yote hiyo umebeba peke yako, na mimi nipo humu humu?" Nikalia. Nimeshusha pumzi, mwanangu. Jana nimelala mpaka jua likanikuta kitandani.

Leo nimemwandikia Radi, kupitia kwa yule mwanahabari. Barua ameichukua mama yako kuipeleka posta mwenyewe, eti nikiipeleka mimi nitaishia njiani.

Baba yako