Kipara, Denge na Panki

3 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama, kwa hiyo nivumilie nikilitanguliza mbele ya habari za afya. Nimemdanganya Baba. Nimemdanganya kwa Kiingereza kilekile alichonipeleka shule nikakisome. Kwenye simu wangenisikia wote, ndiyo maana naandika.

Unajua anataka gari la familia, lile dogo lenye umbo la gari la porini. Muuzaji alimpa kijitabu cha Kiingereza, Baba akaniita nimtafsirie palepale saluni kwake, wateja wakisikiliza. Unanijua: mbele ya watu sauti yangu hujificha kwenye soksi. Nikakutana na neno "trim". Kamusi yangu ya shule inasema: kunyoa, kupunguza nywele. Basi nikasoma, "Gari hili linapatikana katika viwango vitatu vya kunyolewa."

Shangazi, walicheka hadi mashine ikamponyoka Baba mkononi. Kinyozi gani asingefurahi! Tangu siku hiyo magari yana majina ya mitindo ya nywele. La chini, lisilo na chochote, ni Kipara. La kati ni Denge. La juu, lenye dirisha la paani, viti vya ngozi na rimu za kung'aa, ni Panki. Gari ni lilelile moja, tofauti ni mapambo tu, ndiyo hiyo "trim" yenyewe. Na gia. Kipara na Panki ni ya gia za mkono. Denge peke yake ni otomatiki.

Hapo ndipo ulipo moyo wangu. Mguu wa kushoto wa Mama haujawahi kukanyaga kwa nguvu tangu utoto wake, sembuse klachi. Lakini otomatiki haiuhitaji mguu huo. Wiki jana alikaa mlangoni pa saluni juu ya furushi la sare alizoshona, saa tatu nzima, akimsubiri Baba amalize vichwa ndipo ampeleke kwa mteja na lile gari letu bovu. Akaninong'oneza, "Natamani siku moja nijipeleke mwenyewe."

Baba anataka Panki. Kwa hiyo juzi, saluni palepale, nilipofika ukurasa wa Panki nilisoma bila kupepesa macho: "Kiti cha dereva hakimfai mtu mwenye kitambi."

Akajitazama tumbo. Akafunga kijitabu.

Nasikia hatua. Naficha ukurasa.

Mwanao,
Mnong'ono


11 Machi

Mnong'ono wa shangazi,

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima, mgongo tu ndio unanung'unika, kazi ya kukaa kwenye usukani wa ambulensi kutwa. Mama hajambo na cherehani yake?

Nimecheka hadi wauguzi wakaja kunitazama. Halafu nikaacha. Baba yako ni mdogo wangu, namjua. Ukimtajia kitambi hataliacha gari, ataliacha tumbo. Utaona.

Najua unangoja nimpigie simu. Sipigi. Nikimwamrisha mimi, litakuwa gari la dada yake. Na wewe ukimdanganya, mama yako atapewa usukani kwa mlango wa nyuma, kama mwizi. Yeye amekosa nini?

Ile sauti iliyotamka kitambi mbele ya saluni nzima haikuwa kwenye soksi. Itumie hiyohiyo kusema kweli. Mwambie na hili: naendesha otomatiki mwaka wa tisa huu, na mguu wangu wa kushoto ni abiria.

Shangazi yako


20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Pole na mgongo. Mama hajambo. Baba ana njaa.

Ulijuaje? Kila asubuhi anazunguka uwanja wa shule yetu mbio, taulo shingoni, na wanafunzi wenzangu wanamshangilia: "Panki! Panki!" Jana kaniuliza, anahema, "Hivi wameandika kitambi cha kiasi gani?" Nilitaka kusema. Nikajibu, "Hawakutaja."

Jumamosi tunakwenda wote watatu duka la magari. Nitasema. Nisiposema, usiniite tena Mnong'ono, niite Jiwe.

Mwanao


29 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima.

Nimesema.

Muuzaji alikuwa na tai na manukato makali. Mama akamuuliza, "Hili la kati, breki yake ngumu?" Yule bwana akamgeukia Baba: "Mzee, mwanaume kama wewe anachukua la juu."

Nikasikia sauti, kumbe yangu. "Aliyeuliza ni Mama. Mjibu aliyeuliza." Nikarudia kwa Kiingereza, asije akasingizia lugha.

"We mtoto, una nini leo?" Baba akasema.

"Nina uongo, Baba." Nikamwambia kitambi hakimo kwenye kijitabu, nilikitunga mwenyewe, kwa sababu Denge ndilo pekee ambalo Mama anaweza kuendesha.

"Yaani zile mbio zote? Mbele ya wanafunzi?"

"Kwa mbio nisamehe. Kwa Denge siombi msamaha."

"Na mguu ule ataendeshaje?"

Mama alifungua mlango wa Denge, akaketi, akausogeza mguu wa kushoto pembeni kwa mkono, kama afanyavyo kwenye cherehani, akakanyaga breki kwa wa kulia. "Mguu huu mmoja umeivalisha shule nzima," akasema. "Na kikanyagio hiki ni chepesi kuliko changu." Kisha akapiga honi. Muuzaji akaruka.

Baba alichukua fomu ya kununulia gari, akaja nayo nyumbani, akaiweka mezani. Siku sita hakuigusa. Wala hakukimbia.

Leo mchana akanipa. "Soma. Na safari hii soma kilichoandikwa." Nikasoma neno kwa neno. Pa kuandika kiwango palikuwa patupu. Pa kuandika jina la dereva wa kawaida, patupu. Akaguna, akaenda kuoga. Hakuniambia nijaze, hakunikataza.

Nimejaza. Kiwango cha kati. Dereva: jina kamili la Mama, kwa wino, kwa herufi kubwa. Imebaki sahihi ya Baba.

Nasikia kandambili zake koridoni. Anauliza kalamu imekwenda wapi. Fomu iko hapa, barua hii iko kando yake, na siifichi. Kalamu ya wino humu ndani ni moja, na ninayo mimi. Akiitaka aje mwenyewe, asome vyote viwili, halafu—

Namalizia kwa penseli, Shangazi; kalamu iko mkononi mwa Baba, juu ya fomu.

Mwanao,
Mnong'ono