Mapafu ya Orrin

Orrin, Nebraska
Jumatatu, wiki moja kabla ya Pasaka, 1987

Dada yangu mpenzi Frumet,

Pokea salamu za ndugu yako kutoka huku kwenye upepo. Natumaini goti lako limetulia, shemeji Tuvya amepunguza kikohozi, na Raizel anakula. Mimi natembea na kulala. Mengine utayasoma chini. Theluji imeyeyuka na mji mzima ni matope.

Barua yako niliipata Alhamisi. Umeniuliza jambo moja: je, Getzel Zilberfarb ni mwizi, ndiyo au hapana? Kama ni mwizi, unasema Raizel hataolewa na Mendel mwanawe, na pete utairudisha kabla ya sikukuu, hata kama wewe na mama yake Mendel mmekwisha kuivunja pamoja sahani, kama desturi yetu ya kufunga uchumba. Umeandika kwamba utafuata neno langu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa ndani ya machinjio yake. Nitakujibu. Ila nataka kwanza ujue mambo yalivyokwenda, usije ukasema nilikuficha kitu.

Zilberfarb alianza biashara ya nyama mwaka 1978, katika machinjio ya nguruwe yaliyokuwa yamefungwa. Tulipitisha moto kwenye kila chuma na kumwaga maji ya kuchemka siku nne kuondoa unajisi wa nguruwe, na wakulima wa hapa wakaleta viti vyao kututazama. Walisema Wayahudi wanapika jengo. Mwaka wa kwanza tulichinja ng'ombe arobaini kwa siku. Mwaka wa nane, mia tano. Malori yalikwenda Brooklyn, Chicago na Toronto, na katika mji wenye watu elfu moja na mia nane, mia tatu na kumi walikuwa na kazi kwetu.

Kazi yangu unaijua kwa jina, lakini hujawahi kuiona. Mchinjaji akimaliza, Eusebio, Mguatemala mwenye watoto watatu, alikuwa anapasua kifua. Kabla mapafu hayajatolewa, mimi naingiza mkono hadi kiwiko, bila kuona kitu, na kupapasa. Nikikuta pafu limeshikamana na mbavu kwa uzi, hata mwembamba kama wa buibui, nyama hiyo haiji kwa watu wenye msimamo kama ninyi. Likiwa laini, bila uzi, ng'ombe huyo namfunga lakiri ya bluu, alama ya nyama iliyo halali kwenu. Mapafu yakishatolewa nyuzi hukatika, na kinachobaki huonekana tu ukiosha kwa uangalifu. Kwa kasi yetu hapakuwa na nafasi ya kuosha. Shahidi alikuwa mkono.

Katika ng'ombe ishirini, wenye mapafu laini huwa tisa au kumi. Wakizidi sana, kumi na mmoja. Majira ya baridi ya mwaka juzi, kwa hesabu ya lakiri, wakafika kumi na watatu. Mwaka jana, kumi na sita. Nikaanza kushuku kwamba kuna mtu anafunga lakiri nyuma yangu.

Nilimwambia Zilberfarb mara mbili. Mara zote mbili alicheka mpaka akavua miwani. “Anshel wee,” alisema, “ng'ombe wa Orrin hawavuti sigara kama jamaa zako wa Brooklyn!” Nilijiambia kwamba mtu anayefurahia jambo lisilowezekana ana sababu yake.

Tangu hapo sikumwamini yeyote. Ufunguo wa kabati la lakiri ulining'inia shingoni mwa Zilberfarb, na nilikuwa naona anaushika kila ninapomkaribia. Mendel aliingia chumba cha baridi baada ya zamu mara tatu katika wiki moja; nikaandika siku na saa. Doris Haugen, daktari wa mifugo wa serikali, alinitania kwamba nashika kikombe cha kahawa ya moto kama mtu aliyeshika tofaa, kisha akaniuliza kama afya yangu ni nzuri. Hata huyo nikamwandika. Kwa nini anataka kujua?

Asubuhi moja ya Oktoba Eusebio aliinua pafu mbele ya wenzake. “Mzee Anshel, mbona hili lina uzi na umelipitisha?” Nikatazama. Kweli, uzi ulikuwepo, urefu wa kidole. Nikamwambia, “Wewe shika kisu chako. Mapafu niachie mimi.” Akasema, “Sawa, bosi. Uzi ni wako,” na wenzake wakacheka. Kuanzia siku ile nilimshuku kuliko wote. Niliamini anabadilisha mapafu ya ng'ombe mmoja na mwingine ili lakiri zichanganyike, na kwamba tajiri amemtuma.

Novemba niliandikia kamati ya marabi huko kwenu, inayosimamia nyama yetu, na kutia sahihi. Walikuja Januari, alfajiri, bila taarifa, wakiongozwa na Rabi Kalmanovits, wakaenda moja kwa moja kwenye mapipa ya mapafu ya jana yake. Waliosha mapafu thelathini ambayo namba zake zilikuwa za ng'ombe wenye lakiri ya bluu. Kumi na moja yalikuwa na mabaki ya nyuzi. Wakaniita. Nikasema nimefunga lakiri pale tu mkono wangu ulipokuta laini, kwa hiyo nyingine zimefungwa na mtu mwingine. Ufunguo anao nani? Zilberfarb. Nani husimama karibu na mapafu? Eusebio. Hakuna aliyeuliza habari zangu. Mimi ndiye niliyewaita.

Eusebio alifukuzwa siku hiyo hiyo. Alhamisi ya wiki ile kamati ilimwondolea Zilberfarb kibali cha kuuza nyama halali. Wauza nyama wakarudisha malori yakiwa na shehena ndani, gazeti la Omaha likaandika, na tarehe sita Machi mnyororo wa kulabu unaopitisha ng'ombe waliochinjwa ukasimama. Zilberfarb alisimama kwenye chumba chetu cha sala akasema hajawahi kufunga lakiri hata moja maishani mwake. Watu wakatazama sakafu. Mimi nilimtazama usoni nikitafuta uongo, nikauona, maana ndio niliokuwa nimeuendea.

Sasa soma polepole, Frumet.

Siku kumi na moja zilizopita nilikuwa nachemsha maji ya chai. Nikasikia harufu ya kitu kinachoungua, nikatafuta kitambaa. Haikuwa kitambaa. Vidole vyangu vya mkono wa kulia vilikuwa vimeegemea birika. Daktari wa mjini niliyemwendea aliniambia nifumbe macho na niseme kila atakaponichoma kwa sindano. Nikangoja. Mwisho nikamwambia aanze. Akasema amekwisha maliza.

Ni kisukari. Anakadiria vidole vimekufa ganzi miaka miwili au zaidi. Hesabu mwenyewe uone inaangukia wapi.

Nikikuambia sikujua kabisa, nitakuwa nakudanganya. Tangu majira ya baridi ya mwaka juzi nafunga vifungo vya shati nikitazama kwenye kioo. Nilisema ni baridi. Na uzi wa Eusebio niliuona kwa macho yangu mawili, kwenye pafu ambalo mkono ulikuwa umetoka kulipitisha dakika ile. Ningeweza kusimamisha mnyororo. Nimeishi kwa mkono huu miaka thelathini na mmoja, na ilikuwa rahisi zaidi kumshuku mtu.

Basi jibu lako ni hapana. Zilberfarb si mwizi, na Mendel si mwizi. Mendel alikuwa anaingia chumba cha baridi kupima joto, kama alivyosema. Barua yako ilinikuta nikiwa na siku saba za kulijua hili na kunyamaza. Ongeza hilo kwenye makosa yangu.

Jana nilikwenda kwa Zilberfarb. Alikuwa anafungasha vitabu kwenye makasha ya nyama. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alikaa juu ya kasha, akasema, “Na mimi nilidhani una mkono wa baraka.” Alinyanyuka, akanifunga vifungo vya koti kimoja kimoja, maana nilikuwa nimeviacha wazi, akanifungulia mlango.

Kampuni haitarudi. Mashine zimeng'olewa na watu wameondoka. Rabi Kalmanovits nimempigia simu leo asubuhi, na nimemwandikia haya haya. Bahasha zote mbili zinaondoka pamoja. Doris amenipatia anwani ya Eusebio huko Omaha. Nakwenda Jumatano kwa basi.

Mwulize rabi wenu kuhusu sufuria zako, na zile mnazotumia Pasaka tu, kwa sababu mwaka jana ulizipikia nyama yenye lakiri yangu. Usingoje mpaka mkesha. Na Raizel mpe barua hii aisome mwenyewe, kisha nanyi mwende kwa mama yake Mendel huko kwenu. Msimpigie simu. Mwende.

Nisalimie Tuvya na watoto wote, na majirani wanaonikumbuka. Uniwie radhi kwa mwandiko. Lazima niitazame kalamu ili nijue bado nimeishika.

Ndugu yako,
Anshel Wolpin